Siyo Kila Cheupe ni Taa

Gemu nyingi tunazotengeneza hapa chuoni siku hizi zinaonekana kama zimepakwa mafuta ya nazi. Taa inang'aa, sawa. Lakini ukuta nao unang'aa, kanzu ya mzee inang'aa, hadi namba za alama pale juu zina ukungu. Halafu watu wanasema, "aisee, grafiki kali!" Mimi nakataa.

Tuelewane kwanza. Skrini ya laptopu haiwezi kutoa ukali wa jua, wala wa taa za basi linalokuja usoni usiku. Kwenye picha ya kawaida, nyeupe ya mwisho ni 255, basi. Karatasi ni 255, balbu nayo 255. Mchezaji atajuaje kipi kinawaka? Kwa mng'ao. Mwanga mkali ukiingia jichoni hutawanyika kidogo kwenye konea na lenzi, ndiyo maana taa ya usiku tunaiona imezungukwa na ukungu. Ubongo ukiuona ukungu ule unajua kile kitu ni kikali. Kwa hiyo ukiutia kwenye kanzu, umemwambia mchezaji kwamba kanzu ni taa. Umemdanganya, na kwenye gemu ya kutafuta njia gizani uongo huo unampoteza kabisa.

Tatizo liko kwenye njia ya mkato. Tunachukua picha iliyokamilika, tunachuja kila kilichozidi kiwango fulani cha weupe, tunakitia ukungu, tunakijumlisha juu ya picha ileile. Kichujio hakijui balbu wala kanzu. Waliotengeneza Tron 2.0, iliyotoka 2003, hawakumwachia kichujio kazi hiyo. Waliweka alama kwenye nyuso zinazotakiwa kung'aa, zingine zikabaki kama zilivyo. Leo tuna njia nzuri zaidi: piga hesabu ya mwanga kwa namba zisizoishia kwenye nyeupe ya skrini. Ukuta uwe 0.8, balbu iwe 20, weka mng'ao, ndipo ubane kila kitu kitoshe kwenye skrini. Balbu itang'aa yenyewe. Maandishi chora mwisho kabisa.

Na msiniambie simu za bei nafuu haziwezi. Punguza picha hadi nusu, robo, thumuni, tia ukungu huko kwenye vipande vidogo, kisha ikuze tena. Ukungu unakuwa mpana na kazi inakuwa ndogo.

Ninaowalaumu zaidi ni wanaotoa alama. Muhula uliopita kundi moja lilileta chumba cha giza chenye koroboi moja tu mezani, mng'ao wake mdogo, wa njano, unaishia kabla ya kufika mlangoni. Unasogea taratibu kwa sababu kweli huoni. Waliambiwa picha yao "haina mvuto". Nasikia sasa hivi wanaongeza mng'ao ukutani.