Umenunua Domeni Ukailaza Tu? Pita Feri Uone Unachopoteza

Simama Feri saa kumi na moja jioni. Makanga wanaita, mama anauza viazi karai, watu wanateremka kuelekea majini kama mvua imefunguliwa. Kila siku zaidi ya watu 300,000 hutajwa kuwa wanavuka Likoni. Sasa imagine umekodi kibanda hapo, umekipiga kufuli, halafu unangoja tajiri aje akupe milioni juu kiko Feri. Si watu watakucheka?

Hivyo ndivyo vijana wengi tunafanya na majina ya tovuti. Mimi ni wa kwanza kukubali. Nilipoacha college nilikuwa na laptop moja na kichwa ngumu. Nikasoma vile Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, nikaona nimefika. Nikanunua domeni sita za .co.ke, kila moja karibu thao kwa mwaka. Mwaka ukaisha, simu haijalia hata mara moja. Bili ya kulipia upya ikaja. Nne nikaziacha ziende, roho ikiuma.

Shida ilikuwa wapi? Voice.com ni neno moja ambalo kampuni yoyote duniani inaweza kulitaka. Mimi nilikuwa na majina marefu ya mtaa. Mnunuzi wa huku anataka kuona watu wanaingia, si jina limekaa kama ploti yenye nyasi.

Basi moja kati ya mbili zilizobaki nikaijenga. Kurasa kumi tu, vitu ambavyo mtu wa Feri anauliza kila siku: nauli ya matatu Likoni hadi Ukunda, kwamba ukivuka kwa miguu hulipi lakini gari inalipa, na lini ni afadhali dereva azunguke na barabara ya Dongo Kundu. Mwezi wa tano jamaa wa duka la simu akanipa thao mbili aweke tangazo. Si doh ya kuhama mtaa, lakini jina likaanza kujilipia. Na hata nikiuza leo, nina kitu cha kumwonyesha mnunuzi.

Lakini chunga jina unalochagua. Daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa mwanzoni mwa 2021, likaondolewa 2024. Kama ungejenga tovuti yako yote juu ya hilo daraja, leo ungekuwa unaongea na samaki. Feri yenyewe bado iko. Chukua jina la shida ambayo haiishi, si la stori ya wiki hii.

Pia, usijaribu ile ujanja ya kuchukua jina la hoteli au benki ya mtu ndio umuuzie kwa bei ya noma. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inaita hiyo kosa: faini hadi shilingi 200,000, jela hadi miaka miwili, ama zote mbili. Na kuweka tovuti juu ya jina la wenyewe hakukuokoi. Inaweza hata kuonyesha ulikuwa unavuna wateja wao.

Ukianza kukusanya namba za simu za wasomaji, jua kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Omba ruhusa kwanza.

Kwa hivyo kabla ulipie jina la saba, angalia yale sita. Gani unaweza kuandikia kurasa kumi wikendi hii bila kukopa mahali? Hiyo jenga. Zile huwezi, acha ziende, hiyo thao ya kila mwaka inunue bando. Watu wanapita kila siku, msee. Fungua kibanda.