Urithi ni Kazi Iliyoanzwa

Watu wengi wakisikia neno urithi, hufikiri nyumba, shamba, ng'ombe na fedha. Mzee akifariki, hata arobaini haijafika, watoto wameanza kugombana. Fungu likiuzwa, fedha huisha, na udugu huisha pamoja nazo.

Sisemi mali isigawanywe. Kila mrithi, wa kike na wa kiume, apewe haki yake. Lakini urithi ulio mkubwa zaidi ni kazi ambayo mzee aliianza. Mtoto hukua anapoipokea kazi hiyo na kuiongeza.

Tutazame mfano wa Dar es Salaam. Katikati ya jiji hilo, Jangwani na Kariakoo ni majirani. Kariakoo inajulikana kwa soko na biashara. Huko ndiko jamaa ya Kleist Sykes ilikofanya kazi yake.

Kleist alizaliwa mwaka 1894. Baba yake alikuwa askari aliyetoka Msumbiji na kuja na Wajerumani. Kleist alijifunza kusoma na kuandika, kisha akafanya kazi ya ofisi katika reli. Mwaka 1929 yeye na wenzake walianzisha chama cha Waafrika kilichoitwa African Association. Kleist akawa katibu.

Kleist alikuwa Mwislamu. Mwaka 1933 yeye na Waislamu wenzake walianzisha chama cha Al Jamiatul Islamiyya. Chama hicho kilijenga shule ya watoto. Imani yao haikuishia kwenye mkeka wa sala. Ilishika jembe na tofali.

Kleist alifariki mwaka 1949. Mwanawe Abdulwahid alikuwa amezaliwa mwaka 1924, na alikwisha kwenda vitani Burma. Alikuwa pia mkuu wa soko la Kariakoo. Chama alichokianzisha baba yake kilikuwa sasa kinaitwa Tanganyika African Association. Abdulwahid akawa mmoja wa viongozi wake.

Mwaka 1953 ulifanyika uchaguzi. Wanachama walimchagua Julius Nyerere, mwalimu kijana, kuwa rais wa chama. Abdulwahid angeweza kusema, "Chama hiki ni cha baba yangu." Angeweza kuondoka na watu wake. Hakufanya hivyo. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, na Abdulwahid na mdogo wake Ally walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Hesabu, ndugu msomaji. Kutoka 1929 mpaka 1961 ni miaka 32. Kleist hakuiona siku ya uhuru. Lakini mbegu aliipanda yeye, pamoja na wenzake.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo fundisho kubwa. Mrithi mwema haikumbatii kazi ya baba yake kama sanduku la nguo. Huifanya, na wakati ukifika, huishika pamoja na wengine ili isonge mbele.

Labda utasema, "Mimi baba yangu hakuniachia chama wala shule." Tazama vizuri. Labda alikuachia mikorosho inayotaka kupaliliwa. Labda mama yako alikufundisha kusuka mikeka au kufinyanga vyungu. Labda babu yako aliwahimiza majirani kuchimba kisima, na leo kisima hicho kimejaa mchanga. Hizo zote ni kazi zilizoanzwa. Zinamngoja mtu.

Wazee walisema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anayengoja kugawiwa hubaki pale pale. Anayeendeleza kazi huongezeka akili, heshima na riziki. Dua tuombe, Mwislamu na Mkristo. Kisha tuinuke, tukazibue kisima.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni kazi gani iliyoanzwa na wazee wa kijiji chetu ambayo imesimama?
2. Nani kati yetu ataanza kuiendeleza, na lini?