Utani Pasipo Mtani: Dhidi ya Udhuru Mmoja wa Wahakiki

Kuna udhuru mmoja ambao umekita mizizi katika uhakiki wa vichekesho vya jukwaani na vya runinga nchini Kenya. Mchekeshaji akiigiza matamshi ya kabila fulani, akalipachika kabila hilo wizi, ulafi, ushirikina au uvivu, na baadhi ya watazamaji wakaudhika, mhakiki hujitokeza kumtetea kwa neno moja: utani. Waafrika, hudaiwa, wana mila ya utani tangu jadi. Anayeudhika ama haijui mila yake ama amelewa ustaarabu wa kigeni. Kwa kuwa hoja hii imevishwa vazi la uzalendo, aghalabu hupita semina nzima bila kupingwa. Makala haya yanashikilia kwamba hoja hiyo imesimama juu ya neno lililoeleweka visivyo. Utani ni jina la uhusiano kabla ya kuwa jina la maneno. Pasipo mtani hapana utani, hata ukumbi mzima ukiangua kicheko.

Utani na Mipaka Yake

A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1940, aliuelezea utani kuwa uhusiano wa watu wawili ambao desturi imempa mmoja wao ruhusa, na pengine wajibu, wa kumfanyia mwenzake mzaha, na ikamtaka yule mwenzake asikasirike. Neno la kuzingatiwa hapa ni desturi. Ruhusa haitoki kwa msemaji, wala haitoki kwa wanaocheka. Hutoka katika mkataba ambao pande zote mbili ziliukuta na ambao kila upande unaujua.

Kielelezo kilicho wazi zaidi kinapatikana Tanzania, ambako R. E. Moreau aliichunguza desturi hii katika miaka ya 1940. Wangoni na Wahehe, ambao mababu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi, waliokutanishwa na njia za misafara iliyoelekea pwani, nao ni watani. Katika mifano hii mtani hana kinywa tu. Ana majukumu pia. Msiba ukitokea, mtani huja kufanya kazi za mazishi, na mara nyingine humwigiza marehemu mbele ya wafiwa ili majonzi yapungue. Anayeruhusiwa kukucheka ukiwa hai ndiye anayetarajiwa kukuzika ukifa. Mhakiki anayelitwaa neno hili na kumkabidhi mchekeshaji wa kulipwa, ambaye hana wajibu wowote kwa wale anaowacheka, amechukua nusu moja ya mila na kuitupa nusu ya pili.

Kenya nayo ina utani wake, hasa ndani ya ukoo. Katika jamii nyingi babu humwita mjukuu wake wa kike 'mke wangu', na mjukuu humjibu kwamba hana haja na mume asiye na meno. Wote hucheka, na mama aliyeketi kando hucheka pia. Maneno hayo hayo, 'mke wangu', yakitamkwa na mwanamume asiyejulikana kando ya njia, msichana huyo huyo ataharakisha hatua, na ana haki ya kufanya hivyo. Yakitamkwa na baba mkwe, itakuwa aibu ya kuitishiwa kikao cha wazee. Maneno hayakubadilika hata silabi moja. Kilichobadilika ni uhusiano, na maana ikabadilika pamoja nao. Anayedai kwamba msichana 'hakuelewa utani' wa mtu wa njiani ndiye asiyeelewa, kwa maana ameitafuta maana ndani ya neno ilhali ilikuwa kati ya watu.

Yamkini mtetezi atajibu kwamba Radcliffe-Brown mwenyewe aliutambua utani wa upande mmoja, ambamo anayetaniwa hajibu mapigo. Ni kweli. Lakini hata utani huo hufungwa na desturi ambayo anayetaniwa anaijua na ameikubali, na anayemtania ni jamaa yake, hawezi kumkana kesho. Upande mmoja wa jukwaa la biashara hauna sifa hizo. Huko anayechekwa hakuulizwa, hajulikani kwa jina, na hana pa kujibia. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Fasihi ya Kiswahili haikosi ushahidi katika suala hili. Washairi wa Mombasa na wa Lamu, Muyaka bin Haji na Zahidi Mngumi miongoni mwao, walirushiana beti kali katika uhasama wa miji hiyo mwanzoni mwa karne ya 19. Walikejeliana na kutishana. Hata hivyo, sanaa ya malumbano ilikuwa na kanuni: aliyeshambuliwa ana zamu yake, na hujibu kwa silaha ile ile ya ushairi. Ukali wa maneno uliwezekana kwa sababu mlango wa jibu ulikuwa wazi. Mhakiki anayewataja washairi hawa ili kuhalalisha matusi ya leo hana budi kwanza aonyeshe mlango huo uko wapi.

Suala la Lafudhi

Ni katika lafudhi ambapo udhuru wa utani hutumiwa zaidi, na ndipo ujinga wake wa kiisimu unapojifichua. Mzungumzaji wa Dholuo akisema 'sati' badala ya 'shati', mzungumzaji wa Gikuyu akiweka /r/ mahali pa /l/, ukumbi hulipuka. Kinachochekwa hapo ni nini? Dholuo haina sauti ya /sh/, na Gikuyu haiitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kinavyofanya. Msemaji amelipokea neno geni kwa mujibu wa mfumo wa sauti wa lugha yake, kwa utaratibu usioyumba. Kiswahili chenyewe kilifanya jambo hilo hilo kilipolipokea neno la Kiarabu 'waqt', kikaiacha /q/, kikatia irabu na kupata 'wakati'. Hakuna mhakiki anayemcheka Mswahili kwa kusema 'wakati'. Basi kinachochekwa si kosa la lugha. Ni mtu mwenyewe, na mahali alikotoka.

Tena lafudhi hizi hazigawanywi jukwaani kiholela. Bawabu na mpishi hupewa lafudhi ya magharibi mwa nchi; mwenye duka mlafi hupewa ya Mlima Kenya; daktari na wakili husema Kiswahili au Kiingereza kisicho na doa. Mtazamaji hufundishwa, bila kuambiwa, nani amezaliwa kutumwa na nani amezaliwa kutuma. Kuuita mpangilio huu utani ni kuupa usalama ambao haukuuchuma.

Haifai kudhani kwamba hoja hii inataka kuinyamazisha tashtiti. Kundi la Redykyulass, lililojitokeza mwishoni mwa miaka ya 1990, lilimwigiza Rais Moi angali madarakani, sauti yake na mwendo wake. Hapo sauti iliyoigizwa ilikuwa alama ya mtu mmoja mwenye mamlaka, mtu aliyekuwa na redio ya taifa na polisi wa kumjibia. Tashtiti ya namna hiyo hupanda ngazi. Mwigo wa lafudhi ya bawabu huishuka. Mhakiki anayezipima zote mbili kwa kipimo kimoja cha kicheko ameacha kazi ya uhakiki.

Maneno Yasiyo na Orodha

Wapo waliolitambua tatizo lakini wakaliendea kwa njia isiyofaa. Hawa huamini kwamba ubaya umo katika maneno fulani, na kwamba maneno hayo yakiorodheshwa na kupigwa marufuku, chuki itakosa ulimi. Chukua neno 'madoadoa'. Kwa kawaida ni alama za rangi tofauti kwenye ngozi au nguo. Chui ana madoadoa, na hakuna anayeudhika. Katika siasa za Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990, neno hilo lilitumiwa kuwataja raia walioonwa kuwa wageni katika ardhi isiyo ya mababu zao, na doa, kama ijulikanavyo, huondolewa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Baada ya hapo hapakuwa na Mkenya mzima aliyeweza kulitamka neno hilo katika mkutano wa kisiasa wa eneo hilo na kudai kwamba alikuwa akizungumzia ngozi ya chui.

Hata hivyo kuna aliyelitamka. Januari 2022, mjini Eldoret, seneta mmoja aliwaomba wasikilizaji waondoe madoadoa. Alikamatwa, naye akajieleza kwamba alikusudia wagombea wa vyama vingine. Aprili mwaka huo huo, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Msemaji na orodha wanaonekana kupingana, ilhali wamekosea mahali pamoja. Mmoja anadai neno halina hatia kwa sababu nia yake ilikuwa safi; mwingine anadai neno lina hatia popote litakapoonekana. Wote wawili wamemsahau msikilizaji aliyewahi kuchomewa nyumba. Orodha haiwezi kumlinda, kwani wenye nia mbaya watabuni neno jingine kesho, pengine 'magugu' au 'viroboto'. Nia ya msemaji nayo haimlindi, kwani yeye hakuisikia nia. Alisikia neno, mahali alipolisikia, kutoka kwa aliyelisema.

Wajibu wa Mhakiki

Staha ambayo Waswahili huisifu haina maana ya kunyamaza, wala ya kusema kwa tasfida daima. Uso umeumbwa na haya, na haya ni ujuzi: kumjua unayesema naye, mnahusianaje, na lipi limempata kabla hujafungua kinywa. Ujuzi huu ndio mtani wa kweli anao, na ndio unaompa ujasiri wa kusema makali kuliko mtu yeyote msibani bila kumvunjia mfiwa heshima.

Kwa hiyo mhakiki anayekutana na kichekesho kinachoudhi asianze kwa kuuliza iwapo watu walicheka. Na aulize nani alichekwa, ana uhusiano gani na aliyemcheka, na iwapo angeweza kupanda jukwaa lile lile akamjibu. Majibu yakikosekana, lugha ina maneno ya kutosha kwa jambo hilo: dhihaka, kebehi, masimango. Mhakiki ayatumie bila haya. Neno utani liachiwe walioligharimia kwa kuzikana. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha, na Kenya ya mwaka 2008 haihitaji kufasiriwa methali hiyo.