Laptopu ya shule iwe bei poa, sawa. Lakini spea tutatoa wapi?

Wasee, Jumamosi nilimpeleka dadangu mdogo kwa fundi Luthuli Avenue. Laptopu yake haijamaliza hata mwaka. Mzee alijinyima akamnunulia mpya dukani, elfu 35, na waranti juu. Bawaba ikavunjika, ikapasuka na kava. Watu wa waranti wakasema aliiangusha, ajipange.

Fundi akaifungua, akanyamaza kidogo. "Boss, memori imechomelewa kwa bodi, betri imegundiwa, na hii kava siwezi pata peke yake. Tafuta ingine."

Na mimi nimesimama hapo na ex-UK yangu ya elfu 22, yenye miaka minane. Nimeshabadilisha betri, kibodi na kioo, zote kwa huyo huyo fundi.

Sasa, kuna kampuni ya Marekani inaitwa Framework, ilianzishwa 2020. Kazi yao ni laptopu unazofungua mwenyewe. Bisibisi inakuja ndani ya boksi, na vipande vina msimbo wa QR, ukiuskani unaonyeshwa vile kinabadilishwa. Mwaka wa 2025 wakatoa Laptop 12, ndogo, ya rangi rangi, wakilenga wanafunzi. Nikasema hii ndio yenyewe! Kisha nikaona bei. Dola 549, na hapo hujaweka memori, diski wala Windows. Iliyokamilika ilianzia dola 799. Hiyo ni zaidi ya laki moja pesa zetu. Mwanafunzi gani huyo?

Kwa hivyo swali ni, watengeneze ya bei ya chini ya shule? Mimi nasema ndio, tena haraka.

Najua mtaniambia kampuni ndogo hivyo haiwezi shindana na Chromebook za dola 300 zinazotoka kiwandani kwa mamilioni. Kweli, siku ya kununua itapigwa. Lakini shule hainunui laptopu moja, inanunua arobaini. Weka arobaini mikononi mwa watoto wa darasa moja uone kama mwaka utaisha bila kibodi kumwagiwa chai na kioo kupasuka. Kama ni za gundi, kila iliyoharibika inaenda kabatini. Kama zinafunguka, iliyokufa bodi inampa mwenzake kioo, na darasa linaendelea.

Hii maneno ya bei ya chini peke yake tumeiona. 2005 Nicholas Negroponte aliahidi ulimwengu laptopu ya mtoto ya dola 100. Ilipofika 2007 ilikuwa inakaribia dola 190. Hapa kwetu tuliahidiwa laptopu za darasa la kwanza kwa kampeni za 2013, na vifaa vilipoanza kufika 2016, watoto wengi wakapata tableti. Shule ya mdogo wangu ziliishia kufungiwa kwa ofisi. Chaja ziliharibika, na hakuna mtu alijua zingine zinatoka wapi.

Hapo ndio mimi na Framework tunahitaji kuongea. Unajua kwa nini ex-UK yangu inatengenezeka? Si ati aliyeiunda alikuwa na roho safi sana. Ni kwa sababu maofisi ya ng'ambo yalitupa maelfu ya modeli hiyo moja, zikaishia hapa, na sasa kila fundi ana droo imejaa vipande vyake. Skrubu hazitoshi, wasee. Laptopu inayofunguka bila spea mtaani ni boksi tu yenye bisibisi.

Kwa hivyo wakitengeneza ya shule, waje nayo ikiwa kamili: bei chini, na spea zikiuzwa hapa hapa kwa fundi yeyote. Na zile bodi za zamani wateja wao wanatoa wakiweka mpya, si waziweke kwa kava za shule? Mtoto wa sekondari hahitaji bodi ya mwaka huu kuandika insha.

Na wewe mzazi, au wewe unachangisha ya chuo, kabla utoe pesa muulize muuzaji swali moja: hii ikivunjika kioo, kipya natoa wapi na ni pesa ngapi? Akianza kukuambia habari ya rangi, toka hapo.

Hii nimeandika na simu. Laptopu yangu iko na dadangu, ana mtihani.