Jana na Kesho kwa Neno Moja

Wahenga walinena: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukweli wa nasaha hiyo humdhihirikia mtu anayejifunza Kihindi, hasa yule aliyefika Delhi kumwuguza jamaa yake. Madaktari wengi huko hujua Kiingereza, bali mhudumu wa wodini huenda asikijue. Akiuliza habari za dawa, jibu lililokosea wakati laweza kumfanya mgonjwa apewe kipimo mara mbili, au asipewe kabisa.

Lugha hiyo, ambayo Katiba ya India ya mwaka 1950 iliiweka kuwa lugha rasmi ya serikali kuu, ilitajwa kuwa lugha ya mama na watu zaidi ya milioni 500 katika sensa ya mwaka 2011. Miongoni mwa maneno yake ya kila siku ni kal, ambalo maana yake ni jana, na vilevile kesho. Hali kadhalika parson ni juzi, na pia kesho kutwa. Wenyeji hawatatizwi na jambo hilo, kwani kitenzi ndicho kitoacho hukumu. Mwanamume akisema maine kal dava khai, alimeza dawa jana. Akisema main kal dava khaunga, ataimeza kesho. Asiyetamka vema mwisho wa kitenzi humwacha msikilizaji njia panda.

Msemaji wa Kiswahili hana budi kugeuza mazoea yake. Katika neno "nitameza", mtenda na wakati hutangulia, na mzizi hufuata. Kwa Kihindi mzizi ndio utanguliao, alama za wakati huja nyuma, na kitenzi kizima hukaa mwishoni mwa sentensi. Aidha, kitenzi hutambulisha jinsia. Mwanamume ambaye humeza dawa kila siku husema main dava khata hun. Mwanamke husema khati hun. Kitendo kikiwa kinaendelea, mwanamume husema kha raha hun, na mwanamke kha rahi hun. Kwa wakati ujao, khaunga ni ya mwanamume, khaungi ni ya mwanamke. Mzizi kha ni wa kula, kwani kwa Kihindi dawa "huliwa".

Kizingiti kikubwa ni kitendo kilichokwisha kutimia. Hapo mtenda huongezewa kijineno ne, na kitenzi huacha kumfuata yeye, kikakifuata kitu kilichotendwa. Dava ni neno la kike. Kwa hiyo mume na mke wote husema maine dava khai. Khana, yaani chakula, ni neno la kiume. Basi hata mwanamke husema maine khana khaya. Vitenzi visivyo na kitu cha kutendwa, kama jana, ambalo kwa Kihindi ni kwenda, havichukui ne: mwanamume husema main gaya, mwanamke main gayi.

Kanuni hiyo huwachosha wanafunzi wengi, lakini Mswahili si mgeni nayo kabisa. Asemapo "dawa nimeimeza", ile i ya katikati haimtaji yeye, bali yaitaja dawa. Hata neno lenyewe ni la jamaa moja, kwa kuwa dava na dawa yote yametoka katika Kiarabu.

Ilivyo bora, basi, ni kujifunza kila jina pamoja na jinsia yake, na kuzoeza ulimi kwa kazi za nyumbani. Kabla ya kidonge, mwanafunzi wa kike na aseme khaungi. Akiwa anakimeza, kha rahi hun. Akisha kukimeza, maine dava khai. Mazoezi hayo ya kila siku yatamfikisha mahali ambapo atasikia kal, asibabaike, akangoja kitenzi.