Chakula, sonona na sisi waandishi wa programu

Leo naweka kando habari za programu na seva. Nataka tuongee kuhusu jambo ambalo vijana wa fani yetu tunalikwepa: sonona, na kama tunachokula kina mchango wowote ndani yake.

Tuanze na neno lenyewe. Sonona, ambayo wengine huita unyogovu, si ile "stress" tunayoitaja kila siku. Stress ya mradi huisha mradi ukiisha. Sonona ni ugonjwa. Mtu hukaa na huzuni, au hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kutwa nzima kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi huharibika, nguvu huisha, na akili hukataa kutulia kwenye kazi. Wengine hufika mahali pa kutotaka kuishi.

Hapa Kenya jambo hili si dogo. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu iliposema kuwa kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Kabla ya hapo mgonjwa wa namna hiyo angeweza kutoka hospitalini akaingia korokoroni.

Sasa tuje kwenye sahani. Ukitaka kujua vijana wa tarakilishi hapa Membley wanakula nini, huhitaji utafiti. Asubuhi chai ya haraka na mandazi, au hakuna kitu. Mchana chipsi na soda. Usiku, msimbo ukikataa kwenda, kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu na smokie za kando ya barabara. Ijumaa ni nyama choma pale Kamakis. Mboga huonekana siku mtu anapomtembelea mamake.

Je, mlo kama huo unaweza kuchangia sonona? Na je, kuubadilisha kunaweza kumsaidia aliye mgonjwa? Maoni yangu ni kwamba ndiyo, kwa kiasi fulani, na sababu zenyewe ni hizi.

Jaribio linalotajwa sana ni lile la Australia liitwalo SMILES, lililoongozwa na Profesa Felice Jacka wa Chuo Kikuu cha Deakin na kuchapishwa mwaka 2017. Walichukua watu 67 wenye sonona ya kati hadi kali, waliokuwa wakila vibaya. Wengi walikuwa tayari kwenye matibabu. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilionana na mtaalamu wa lishe, likafundishwa kula mboga, matunda, maharage na dengu, nafaka nzima, samaki, njugu na mafuta ya zeituni, na kupunguza peremende, vyakula vya kukaangwa na vya kusindikwa. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza naye tu, kwa muda uleule. Baada ya wiki 12, kati ya 31 waliomaliza kwenye kundi la chakula, 10 walikuwa wameondokewa na dalili kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa wagonjwa. Kwenye kundi la mazungumzo walimaliza 25, na waliofika hapo walikuwa 2.

Msomaji aliyesoma takwimu ataanza kukuna kichwa, na ana haki. Idadi ni ndogo. Waliojitoa kwenye kundi la mazungumzo ni wengi kuliko wa kundi la chakula. Tena huwezi kumficha mtu kwamba anakula dengu, kwa hiyo matumaini yenyewe huenda yalifanya sehemu ya kazi. Hoja hizi zote ni za kweli. Lakini matokeo hayakubaki peke yake. Mwaka 2019 jaribio la Chuo Kikuu cha Macquarie lilifanywa kwa vijana 76 kwa wiki tatu, na mwaka 2022 lingine la Sydney lilihusu wanaume 72 wa miaka 18 hadi 25. Yote mawili yalielekea upande uleule. Hayo mawili yananigusa zaidi kwa sababu ni ya rika letu.

Kuna swali jingine gumu: huenda sonona ndiyo inayoharibu mlo, si mlo unaoleta sonona. Asiye na nguvu ya kuoga atapataje nguvu ya kupika? Ni kweli, na mishale inaenda pande zote mbili. Ndiyo maana majaribio ya kugawanya watu yana thamani kuliko kuuliza tu nani anakula nini na nani ana huzuni.

Hapa naona nifafanue jambo linalozunguka sana mtandaoni. Utasikia kwamba sehemu kubwa ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, kwa hiyo kula vizuri ni kujaza furaha ubongoni. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili si kweli, kwa sababu serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Njia inayofuatiliwa kwa makini zaidi ni inflamesheni, ile hali ya kinga ya mwili kubaki imewaka muda wote kana kwamba kuna adui. Baadhi ya watu wenye sonona wana alama zake kwenye damu.

Na hapa ndipo jirani zetu wa Tanzania wanapoingia. Aprili 2025, jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kilimanjaro na watafiti wa Moshi pamoja na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Walishiriki wanaume 77 wenye afya njema. Waliokuwa wamezoea chakula cha asili walipewa chakula cha kizungu cha kusindikwa kwa wiki mbili tu, na alama za inflamesheni zikapanda. Wa mjini waliorudishwa kwenye mboga, maharage na nafaka nzima, alama zao zikashuka. Kundi lililokunywa mbege kwa wiki moja nalo lilipata nafuu ya namna hiyo. Utafiti huo haukupima sonona, na sitaki mtu aende kunywa mbege akisema ni dawa. Ninachosema ni kwamba mwili wa kijana wa Afrika Mashariki uliona tofauti ya sahani ndani ya siku 14.

Sasa mtu wa teknolojia atasema: basi nipe kiungo chenyewe kwenye kidonge, niendelee na kazi. Hilo pia limejaribiwa. Jaribio la MooDFOOD liliwahusu watu 1,025 wenye uzito uliozidi katika nchi nne za Ulaya, na matokeo yake yalitoka mwaka 2019. Waliopewa virutubisho vya vidonge kwa mwaka mzima hawakukingwa na sonona kuliko waliopewa vidonge bandia. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa kwa anayeuza mikebe ya "chakula cha ubongo", kumbuka namba hiyo. Kinachoonekana kufanya kazi ni mlo mzima wa kila siku. Huwezi kurekebisha mfumo mbovu kwa kubadilisha mstari mmoja.

Wengine watalalamika kuwa mlo wa Mediterania ni wa matajiri. Zeituni na samaki wa samoni tutawatoa wapi Ruiru? Hatuvihitaji. Pale Juja, kwenye chuo kikuu cha JKUAT, Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia miaka mingi kutafiti mboga zetu za kienyeji: managu, terere, saga, kunde, mrenda. Mboga hizi zilidharauliwa kama magugu na chakula cha maskini, ilhali zina madini na vitamini nyingi. Mama mboga anaziuza hapa kwenye kona. Ongeza ndengu au maharage, omena kwa ajili ya yale mafuta ya samaki, githeri, uji wa wimbi, nduma, parachichi na maziwa mala. Huo ni muundo uleule wa Australia, ila umevaa nguo za kwetu. Hata kule Australia watafiti walipiga hesabu, wakaona mlo mpya ungegharimu dola 112 kwa wiki dhidi ya 138 ambazo washiriki walikuwa wakitumia awali.

Gharama ya kweli kwetu ni muda. Maharage hayaivi kwa dakika tano. Dawa yake ni kuchemsha sufuria kubwa Jumapili na kugawanya kwenye vikopo. Kinywaji cha kuongeza nguvu nacho kikome alasiri, maana kafeini ya usiku huiba usingizi, na usingizi mbovu ni rafiki mkubwa wa sonona.

Jambo la mwisho, na ndilo zito kuliko yote. Usimwambie mgonjwa wa sonona "kula mboga utapona". Hayo ni matusi yaliyovaa koti la ushauri. Chakula kinakaa kando ya ushauri nasaha na dawa, hakichukui nafasi yake. Anayemeza dawa asiziache kwa sababu ameanza kula managu. Kama dalili zimezidi wiki mbili, nenda hospitali. Thika Level 5 haiko mbali. Kama mtu anataja kujiua, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo.

Na kama una rafiki kwenye fani hii ambaye siku hizi hajibu ujumbe wala haonekani, usimtumie kiungo cha makala haya. Mpelekee chakula cha moto, mkae mle pamoja, na umsikilize.

Hayo ni maoni yangu. Je, wenzangu mnasemaje?