Usimkataze Mzee Kuvua, Mbadilishie Mshipi

Ukipita jioni ukingoni mwa bahari hapa Mombasa, tangu Bandari ya Kale hadi Mama Ngina Drive, utawakuta wazee wameketi juu ya mawe, kila mmoja na mshipi wake mkononi. Hawavui kwa biashara. Ni makarani waliostaafu, mafundi na mabaharia wa zamani. Huja kubarizi, na wakibahatika hurudi na changu wawili watatu wa kitoweo. Baadhi yao ni wagonjwa wangu wa kisukari.

Leo nakiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, mmoja wa wazee hao alikuja kliniki na kidole kilichokatwa na uzi wa nailoni. Nilimsafisha kidonda, kisha nikamwambia, "Mzee, bahari sasa basi."

Akanijibu, "Mwanangu, nikikaa nyumbani nitakufa kabla ya siku zangu."

Sikumsikiza. Naye aliondoka kwa adabu, akaendelea kuvua kwa siri. Alipokatwa tena aliona haya kuja kwangu. Alijifunga kitambaa akasubiri. Alipoletwa na mwanawe, mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Hospitalini mkono uliokolewa, lakini kidole kilikatwa.

Sukari ikizidi mwilini kwa miaka mingi huharibu neva, na mgonjwa hupoteza hisia za vidole. Uzi humkata asihisi. Viini huingia, na kwa kuwa kidonda cha mwenye kisukari hakiponi haraka, uchafu huenea ndani. Sisi madaktari husisitiza miguu, tukasahau mikono. Mwaka 2002, madaktari wa Dar es Salaam waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari waliowaona tangu 1998, ambao mikono yao iliharibika kutokana na majeraha madogo. Wengine walikatwa viungo, wengine walifariki. Wengi walikuwa wamechelewa kufika hospitali.

Ndiyo maana juzi nilinunua ufito mpya wa kuvulia, mwepesi mno, uliotengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Fito za namna hii hupendwa na wavuvi wa trauti, yule samaki wa maji baridi aliyeletwa na walowezi mwaka 1905 katika mito ya Aberdare. Hapa kwetu hakuna trauti, lakini vidole vya kulindwa vipo.

Niliujaribu Jumapili alasiri, maji yakijaa, nyuma ya Mji wa Kale. Chambo kilikuwa kamba. Nusu saa ya kwanza nilinasa mawe tu, na vijana wakanicheka. Kisha changu akavuta. Ufito ulipinda kama upinde, nao ndio uliobeba vuta nikuvute yote. Kigurudumu cha uzi kina breki yake: samaki akizidi nguvu, uzi hujifungua wenyewe. Mkono wangu ulishika mpini tu. Uzi haukupita kwenye vidole hata mara moja.

Sisemi ni dawa ya kila kitu. Kolekole mkubwa ataukata uzi wake mwembamba. Bei yake pia inashinda ya mshipi mara nyingi, ingawa ukilinganisha na gharama ya kulazwa hospitali, ni ndogo. Na hatari nyingine zinabaki. Ndoana bado huchoma, na miiba ya tafi na ngogo ina sumu. Basi chomoa ndoana kwa koleo, vaa glavu unapomshika samaki, na ukifika nyumbani nawa kwa sabuni na maji baridi, kisha kagua vidole kimoja kimoja penye mwangaza. Ukiona jeraha, hata dogo kama tundu la sindano, mwone daktari siku hiyo hiyo, naye aangalie kama chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Mwiba wa samaki hutulizwa kwa kutia mkono katika maji ya moto yanayovumilika. Lakini mwenye kisukari asiyapime maji hayo kwa mkono wake uliokufa ganzi. Ampe mtu mzima wa afya ayapime kwanza, asije akaungua bila kujua.

Kwenu wake, watoto na madaktari wenzangu: mzee anayetembea hadi baharini, akakaa na wenzake na kupunga upepo, anafanya mengi ambayo sisi humwandikia katika karatasi na hayafuati. Tukimnyima hilo, atatuficha vidonda vyake. Mnunulieni ufito, au angalau glavu, kisha kila jioni mwambieni afungue viganja muvione.

Mzee wangu bado anavua, kwa vidole tisa. Jumapili ijayo nitampelekea ufito huu aujaribu.